Breki ya mbele inalia: fungua kalipa kabla hujanunua pedi mpya

Ndugu, umesema breki ya diski ya pikipiki yako inalia ukiishika taratibu, ukibana kwa nguvu inanyamaza, na pedi bado nene. Mara nyingi huo ni mtetemo tu: pedi inacheza ndani ya kalipa, kile kifaa chenye pistoni zinazosukuma pedi zibane diski.

Toa pedi uzitazame. Uso ukiwa unang'aa kama kioo, usugue kwa msasa uliolazwa juu ya kitu bapa mpaka mng'ao uishe, kisha piga tupa kidogo kwenye ukingo unaotangulia kukutana na diski. Pedi zikiwa zimelowa oili au mafuta ya breki, zitupe. Mimi niliwahi kuzichoma moto nikidhani mafuta yatatoka; kelele ilirudi siku ileile.

Diski ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Halafu pini za kalipa, ambazo wengi hawazigusi kabisa: zisafishe kutu, zipake grisi inayohimili joto, kidogo sana, na chembe nyingine mgongoni mwa pedi. Isiguse uso wa pedi wala diski!

Pedi zikiwa nje usibonyeze breki, pistoni zitachomoka. Ukisharudisha kila kitu, pampu mkono wa breki mpaka ukaze ndipo uondoke, na mwanzoni shika breki kwa kiasi, mara nyingi, pedi na diski zizoeane.

Ikilia bado, angalia aina ya pedi. Zile zenye chuma ndani hupiga kelele kuliko zile laini, hata zikiwa mpya.