Jina lisipofika kwenye karatasi ya kura

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Je, mgombea aliyepita bila kupingwa ameshinda uchaguzi?" Nililisoma swali hilo nikiwa kituoni nasubiri daladala, na nilipofika nyumbani bado nilikuwa nalijibu moyoni. Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Hapana kabisa. Kushinda ni kushindana, na asiyeshindana na mtu hajamshinda mtu. Nilidhani nitaandika mistari mitano hivi na kutia saini. Mniwie radhi, imekuwa ndefu, na sina hakika kama nimejibu mlichouliza au nimejibu linaloniuma mimi.

Nianzie mbali. Wengi wetu Afrika Mashariki tulianza kumfuatilia Barack Obama mwaka 2008. Alipochaguliwa, Wakenya walipewa siku ya mapumziko, na watoto waliozaliwa siku zile wakapewa jina lake. Mimi nilikuwa Tanga mjini, tumebanana kwa jirani mwenye televisheni, na nilishangilia kama mtu aliyeona ndugu yake akivuka mto uliofurika. Nilichokuwa sikijui ni namna alivyokipata kiti chake cha kwanza cha siasa, miaka 12 kabla ya hapo. Alikipata bila kupingwa kwenye mchujo wa chama chake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jimbo. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge. Kule Marekani ni kama nchi ndani ya nchi: Illinois ina gavana wake, sheria zake na bunge lake, na Seneti ya jimbo hilo, yaani baraza la juu la bunge lake, yenye viti 59, hukutana Springfield, makao makuu ya jimbo, si Chicago wala Washington. Obama alianzia Seneti hiyo ya jimbo. Ile ya taifa aliingia mwaka 2005.

Aliyekuwa seneta wa eneo lile, kusini mwa Chicago, ni mwanamama Alice Palmer. Mwaka 1995 mbunge wa Congress, bunge la taifa, aitwaye Mel Reynolds alitiwa hatiani mahakamani, akajiuzulu, na Palmer akaamua kukiwania kiti hicho. Kiti chake mwenyewe akataka kimwendee kijana mwanasheria, Obama, naye akatangaza nia Septemba mwaka huo Palmer akiwa upande wake. Novemba 28 mambo yakaharibika. Kwenye mchujo wa kiti cha Congress Jesse Jackson Jr. alikuwa wa kwanza, Emil Jones wa pili, Palmer wa tatu. Wafuasi wake wakamwendea Obama: mpishe mama arudi mahali pake. Obama akakataa. Palmer akakusanya saini haraka haraka na kuzipeleka muda wa mwisho ulipokuwa unagonga mlango.

Saini halali zilizotakiwa zilikuwa 757. Palmer alipeleka zaidi ya 1,500. Januari 1996 watu wa Obama wakakaa kwenye ofisi ya wasimamizi wa uchaguzi ya Chicago na kuzipitia moja moja. Huyu hakujiandikisha kupiga kura. Huyu anaishi nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kusaini. Walipomaliza, zilizobaki hazikutosha, na Palmer akajitoa. Wagombea wengine watatu nao wakaondolewa kwa njia hiyohiyo. Machi 1996 wanachama wa Democratic, chama cha Obama, wa eneo lile walikuta jina moja kwenye nafasi hiyo. Novemba Obama alipata takribani asilimia 82, lakini pale chama pinzani, Republican, hakina watu. Aliyeshinda mchujo amekwisha kushinda.

Niliyasoma hayo miaka kadhaa baada ya zile shangwe, nikakiweka kitabu chini. Nilikuwa nimekumbuka fomu ya mjomba.

Mwaka 2005 mjomba wangu aliamua kugombea udiwani kwenye kata yetu, milimani Usambara. Kata siitaji, wala chama, kwa sababu aliyempinga bado yupo na watoto wake ni rafiki zangu. Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Nusu ya watu wazima wa kata ile alikuwa amewafundisha kusoma, na wengine alikuwa amewachapa. Hakuwa na fedha. Alikuwa na baiskeli, shamba la viazi na maharage, na jambo moja alilokuwa analisema tangu mimi mtoto: kwamba wajawazito wa upande wa juu wanabebwa kwenye machela kushuka zahanati, na kila diwani anayeingia anaahidi barabara hadi anapokula kiapo.

Mimi nilikuwa na miaka 21, nina mwandiko mzuri, basi nikawa karani wake. Fomu ilihitaji wadhamini, wapiga kura waliojiandikisha ndani ya kata, kila mmoja na jina lake, namba ya kadi yake ya mpiga kura na saini au dole gumba. Kadi zilikuwa mpya, daftari la kudumu ndiyo kwanza limeandikishwa, na watu walikuwa wamezihifadhi kama hati ya shamba. Mama mmoja pale kwenye mashine ya kusaga alifungua pindo la kanga, akatoa noti mbili, kisha mfuko wa nailoni, kisha kadi. Alinitazama nikinakili namba kwa macho makali, akasema, "Mwanangu, usiikosee, hiyo ni ya mwalimu." Babu mwingine hakuweza kushika kalamu, mjomba alimshika mkono, akamkandamiza dole kwenye kidau cha wino, kisha akamfuta kwa leso yake mwenyewe. Ilikuwa Agosti, ukungu hauondoki hadi saa nne, na tulitembea siku mbili tukiingia kila nyumba na kunywa chai isiyo na maziwa kila nyumba, maana kukataa ni kumdharau mwenyeji.

Siku ya pili jioni tulikuwa upande wa mtoni. Kile ni kijito tu, mtoto anaruka. Nyumba za ng'ambo na za huku ni ukoo mmoja, wanazikana, wanaozana, wanachota maji mahali pamoja. Wawili wa mwisho tuliwapata pale, ndugu wawili, wote wanafunzi wa mjomba wa zamani, na waliandika majina yao kwa furaha kubwa. Idadi ikatimia. Nilimwambia mjomba tuongeze hata watatu wa akiba. Akasema giza linaingia na idadi iliyoandikwa kwenye sheria ndiyo idadi. Usiku nilirudia fomu yote kwenye mwanga wa kibatari, nikihakikisha hakuna palipofutwa. Nilizikagua namba zote. Jina la kituo alichojiandikishia kila mtu sikulikagua.

Tulirudisha fomu, ikapokelewa, jina la mjomba likabandikwa ukutani. Alisimama pale mbele ya lile bango muda mrefu, miwani mkononi. Kesho yake likaja pingamizi. Mpinzani wake alikuwa amepata habari kwamba wale ndugu wawili walijiandikisha ng'ambo ya kijito, na ng'ambo ya kijito ni kata nyingine. Wadhamini wakapungua wawili. Msimamizi alimsomea mjomba uamuzi akiwa amesimama, hakumpa hata kiti, wala hakumwonyesha daftari ambalo majina yale yanadaiwa kuonekana. Mjomba akaambiwa anaweza kukata rufaa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye anasukuma baiskeli, na njia nzima hakusema neno. Rufaa hakukata. Wiki ile ile yule mwingine akatangazwa diwani, amepita bila kupingwa, pikipiki zikapita mbele ya nyumba yetu zikipiga honi.

Kwa miaka nimemchukia mtu yule. Kwa hiyo niliposoma kwamba na Obama alipita mlango huohuo, nilijisikia nimesalitiwa, na swali lenu lilipokuja nilikuwa na jibu tayari.

Lakini sasa ninaandika, na ninapoandika ninalazimika kusema lililo kweli. Wale ndugu wawili walikuwa wamejiandikisha ng'ambo kweli. Nilikwenda kuwauliza mwenyewe, mwezi mmoja baadaye. Mmoja akanionyesha kadi. Yule mpinzani hakusema uongo. Alifanya alichofanya Obama: alisoma sheria iliyokuwapo kabla yake, akakuta mwenzake hakuitimiza, akasema. Mwenye kosa ni karani, na karani ni mimi. Palmer naye hakuonewa kwa hesabu. Saini zake hazikutosha, na alianza kuzikusanya kwa kuchelewa kwa sababu alikuwa ametafuta kiti kingine kwanza. Obama hakumdanganya. Alimkatalia tu. Je, kukataa kumpisha mtu ni dhambi? Kwa mila zetu, mkubwa aliyekushika mkono akikuomba kitu unampa. Nikijaribu kulitetea hilo hadi mwisho nashindwa, maana kiti kile hakikuwa cha Palmer kukigawa wala cha Obama kukirudisha. Kilikuwa cha watu wa eneo lile.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye hasira yangu, mhariri, kwa sababu watu wa eneo lile ndio hawakuulizwa kitu. Kati ya zile saini zilizokataliwa wapo waliomtaka Palmer kweli. Wale ndugu wa kijitoni walimtaka mwalimu wao. Sheria iliyavua majina yao kihalali kabisa, na wapiga kura wengine wote, ambao kadi zao hazikuwa na dosari yoyote, wakakosa cha kuchagua kwa makosa yasiyo yao.

Nikafuatilia huyo seneta wa Springfield alifanya nini baada ya kuapa mwaka 1997, nikitumaini kumkuta mvivu. Sikumkuta mvivu. Alikaa upande wa wachache miaka sita, Republican wakiiongoza Seneti. Mwaka 1998 alirudi kwa asilimia kubwa zaidi. Mwaka 2000 akajaribu kumng'oa Bobby Rush kwenye kiti cha Congress, akapigwa vibaya, Rush akipata kura kama mara mbili ya zake. Mwaka 2002 hakupata mpinzani tena. Democratic waliposhika Seneti mwaka 2003, rais wa Seneti akiwa Emil Jones yule yule aliyemshinda Palmer, Obama alipitisha sheria ya kurekodi kwa video mahojiano ya polisi kwenye kesi za mauaji. Polisi na waendesha mashtaka waliipinga mwanzoni. Alikaa nao hadi wakakubali. Kwenye jimbo ambalo watu wasio na hatia walikuwa wamehukumiwa kifo kwa kukiri kwa mateso, hiyo si kazi ndogo.

Ninachokiheshimu zaidi kwenye orodha hiyo ni mwaka 2000. Aliulizwa mbele ya watu, akakataliwa, akaijua idadi ya waliomkataa na mitaa wanayokaa. Mtu akishajua hivyo anajua pa kuanzia. Mjomba hakupewa hata hilo. Angeshindwa kwa kura 500 angekaa akazihesabu, akaona wapi hawakumwelewa, na 2010 angerudi. Alinyimwa kushindwa kwake, na hakurudi tena.

Basi swali lenu. Siwezi tena kuandika ile hapana niliyokuja nayo. Aliyepita kwa sababu wenzake hawakutimiza masharti yanayojulikana, akayaonyesha hadharani, jina kwa jina, mbele ya mtu anayemwonyesha mlalamikiwa daftari na kumpa kiti, huyo nakubali ameshinda. Obama nampa. Yule diwani wetu, nimechukua miaka hii yote kulisema, naye nampa, ingawa barabara ya juu bado haijafika na ingawa yule msimamizi simsamehi lile daftari alilolificha. Aliyepita kwa sababu ofisi ilifungwa mapema, au fomu ya mwenzake ilikataliwa kwa nukta iliyosahaulika, simpi kitu. Tatizo ni kwamba mpiga kura aliye mbali hawezi kuwatofautisha hao wawili. Anachoona ni jina moja. Mwaka 2020 majimbo 28 ya ubunge nchini yalipata wabunge kwa njia hiyo, na mimi nikiwa hapa sijui nimpe nani na nimnyime nani. Ndiyo maana nimefurahi kwamba siku hizi mgombea aliyebaki peke yake hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni afadhali. Lakini "hapana" haina sura, haikufundisha kusoma, na haiwezi kukuahidi barabara.

Idi iliyopita nilimweleza mjomba kuhusu kile kibatari na vituo ambavyo sikuvikagua. Alisema alijua siku ileile. Nikamuuliza, kama jina lake lingebaki, angepata kura ngapi. Nilitegemea acheke. Aliweka kikombe chini, akaanza kuhesabu nyumba kuanzia mashine ya kusaga, moja moja, kwa majina ya wenye nyumba, hawa wangenipa, hapa angenipa kura mke tu, hawa hapana, akapita msikiti, akapita shule, akashuka bonde lote hadi kwenye kijito.