Maswali na Majibu: Kidonge Kikishamezwa Huenda Wapi?

Mwanangu amepewa vidonge vya rangi mbili mara tatu mwaka huu na sasa havimsaidii. Mwili umezoea? – Mama, Shela, Malindi

Mwili hauzoei dawa hiyo ya kuua bakteria, mama. Wanaozoea ni bakteria. Dawa huua wanyonge, wenye kinga wakabaki na kuzaana. Tena hupeana kinga hiyo kwa viduara vidogo vya DNA (maagizo ya urithi ya kiumbe) viitwavyo plazimidi, hata kwa jirani asiye wa ukoo wao. Na kama mtoto alikuwa na mafua, hayo ni virusi. Rangi mbili hazikuwa na kazi tangu mwanzo.

Sabaki likijaa wakati wa kaskazi, maji mekundu hufika mpaka ufuo wa Malindi. Ni udongo tu? – Mvuvi, Mambrui

Udongo ndio mwingi. Lakini ufuate mto huo kwenda juu: unaitwa Galana, kisha Athi, na Mto Nairobi humwaga humo pamoja na maji machafu ya jiji. Zaidi ya nusu ya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, anayomeza mtu hutoka na mkojo ikiwa nzima. Ule utelezi unaokuangusha kwenye mawe ya mto ni mtaa wa bakteria wa kila aina, wamebanana, na mahali pa msongamano kama huo ndipo plazimidi hupita kwa urahisi. Bakteria wengi hawakubali kuoteshwa maabara, kwa hiyo watafiti huchota tope, wakatoa DNA yote iliyomo na kuisoma kwa pamoja. Samaki wako usimwogope, bora aive. Mimi ningechunga zaidi kidonda cha mguuni kisiingiwe na maji hayo.

Usugu huu, yaani kinga ya bakteria dhidi ya dawa, tumeuleta sisi binadamu? – Mwanafunzi, Maweni

Tumeukuza tu. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kupata jeni za usugu katika udongo ulioganda miaka 30,000 huko Yukon, Kanada. Viumbe wa udongoni walipigana kwa dawa hizi kabla yetu. Streptomaisini yenyewe, iliyogunduliwa 1943, ilitoka kwa bakteria wa udongo.

Vidonge vilivyobaki nivitupe chooni? Na maji ya kisima yakichemshwa yanatosha? – Kisumu Ndogo

Chooni usitupe kabisa! Shimo la choo na kisima mara nyingi vimo ua mmoja, na mwamba wetu wa matumbawe umejaa matundu. Muulize mwenye duka la dawa au zahanati kama watavipokea. Maji yachemshe mpaka yatokote, bakteria watakufa. Chumvi ya kisima itabaki pale pale.