Watafiti wa chuo wakija wodini kwenu, usiishie kuulizia posho

Mimi ni mkunga, nipo wodi ya wazazi kwenye hospitali ya wilaya, na hii ya leo nawaandikia zaidi manesi na madaktari wenzangu wa huku chini, ila hata wewe mjamzito au unayemsindikiza mkeo leba una chako humu, usikimbie.

Kuna ile tabia yetu, timu ya chuo ikishuka kwenye gari na matableti yao, swali la kwanza wodini ni posho ipo? Simlaumu mtu, kujaza fomu za watu juu ya kazi zako ni kazi. Lakini posho ikishaeleweka ulizeni na la pili, mkimaliza mkaondoka hapa kinabaki nini? Mi naona hilo ndo la maana kuliko yote.

Chukua suala la damu. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kukufia mkononi na wewe umesimama hapo hapo, na dawa zipo, na kila aliyepita chuo cha uuguzi anajua cha kufanya, unakanda tumbo la uzazi likaze, unachoma oksitosini (sindano ya kukaza tumbo la uzazi), unaweka dripu, unatoa asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), unakagua kama kachanika au kuna kipande cha kondo kimebaki ndani. Sasa kama tunayajua yote hayo, mbona wanaendelea kufa? Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza wakashirikiana na wenzao wa huku kwetu kwenye utafiti unaitwa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, akina mama zaidi ya laki mbili, majibu yakatoka 2023. Na hawakuja na dawa mpya hata moja!

Walichoona ni kwamba tunachelewa kugundua, halafu tukigundua tunafanya moja moja, hii ikishindwa ndo tujaribu ile. Na kweli. Damu tulizoea kuikadiria kwa macho, khanga imelowa, nyingine imeingia kwenye ndoo, nyingine ipo sakafuni imechanganyika na maji ya uzazi, ukiandika mililita 300 kwenye faili ni kubahatisha tu na wote tunajua. Wao wakaleta plastiki inayotandikwa chini ya makalio ya mama, mbele ina mfuko umechongoka kama faneli, na kwenye mfuko kuna mistari, wa 300 wa kukushtua, wa 500 wa kukwambia anza sasa hivi. Ikifika hapo unampa huduma zote kwa mkupuo. Na ile saa ya kwanza unarudi kumwangalia kila robo saa, sio unamfunika khanga unaenda kwa mwingine.

Hospitali zilizoendelea na mazoea, karibu nusu ya waliovuja damu nyingi hawakugundulika. Zilizobadilika waligundulika 93 kati ya 100, na madhara makubwa, yaani kuvuja lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa ajili ya damu au kufa nayo, yakashuka kwa asilimia 60. Plastiki na utaratibu, basi.

Kwa hiyo ukisikia chuo kinasaidia wagonjwa usifikirie maabara tu. Hiyo traneksamiki yenyewe ilitoka Japani, mwaka 1962, kwa mama mmoja mtafiti anaitwa Utako Okamoto na mumewe, mama aliyekuwa anafanya kazi maabara na mtoto mgongoni, na alitamani sana ijaribiwe kwa wanaovuja damu baada ya kujifungua ila madaktari wa uzazi hakuwapata. Ikaja kupimwa vizuri kwa wazazi na chuo kile cha London cha afya na magonjwa ya tropiki, wanawake 20,060 kwenye nchi 21, majibu 2017. Ikaonekana ukiiwahi ndani ya masaa matatu inapunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi. Miaka 55 jamani! Na Okamoto alishafariki mwaka mmoja kabla ya majibu kutoka.

Sasa ushauri wenyewe. Hospitali yetu haikuwemo kwenye utafiti wowote kati ya hiyo, na hilo sio sababu ya kukaa. Kitu cha kwanza tulichobadili ni sehemu ya kuweka dawa, traneksamiki ilikuwa kwenye kabati la dawa lenye kufuli na ufunguo anao incharge, yaani mkuu wa wodi, ambaye usiku yupo kwake amelala, tukaitoa ikaingia kwenye trei moja pamoja na oksitosini, kanula, dripu na glovu, ile trei ina orodha imebandikwa na kila zamu inakabidhiana na kusaini. Ile plastiki kama hamna, pimeni kwa mizani, pedi kavu ina uzito wake unaujua, ikilowa unapima tena unatoa ule uzito wa pedi kavu, gramu moja hesabu mililita moja. Inachosha, ndio, ila sio kubahatisha.

Halafu watumieni wanafunzi na madaktari wa intanishipu, wawe wanatoka Muhimbili, Bugando au KCMC. Wao wanakuja na miongozo mipya kichwani na sisi tunawaambia "hapa hatufanyi hivyo", tunawanyamazisha. Muulize kasoma nini kipya, mpe dakika kumi kwenye kikao cha asubuhi, akikosea matroni atamsahihisha. Na akiondoka anaondoka na trei yenu kichwani kwenda mkoa mwingine.

Watafiti wakija, kabla hawajaanza waandike kabisa kwenye makubaliano kwamba watarudi kuwasomea majibu, kwa Kiswahili, wodini, sio kwenye hoteli kwa mabosi tu. Ulizeni vifaa vinabaki au vinaondoka, na vikiisha vinanunuliwa na nani, maana hapo ndo mambo mengi hufia. Mkiweza ombeni mmoja wenu awe kwenye timu, sio kukusanya fomu tu bali hata kupanga maswali, maana wewe ndo unajua saa nane usiku wodi inakuwaje.

Na wewe mama au ndugu, ukiletewa fomu ya ridhaa isome, au usomewe mpaka uelewe. Uliza kama wana kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Una haki ya kukataa au kujitoa katikati na bado ukahudumiwa kama wengine, akitokea wa kukutisha muombe mganga mfawidhi. Ila ukielewa na ukaridhika, usiogope kukubali. Na ukishajifungua, muulize mkunga bila aibu, dada, damu yangu imefika kiasi gani? Mkunga anayepima atakujibu kwa namba.