Kaskazini si juu

Mwalimu mmoja wa Moshi anauliza: tuseme Arusha iko "kaskazini mwa Tanzania" au "kaskazini ya Tanzania"? Anaongeza kwamba wanafunzi wake huandika "juu ya Tanzania".

La kwanza ni jepesi. Arusha imo ndani ya nchi, hivyo ni kaskazini mwa Tanzania. Kenya iko ng'ambo ya mpaka, hivyo ni kaskazini ya Tanzania. Neno lenyewe limetokana na kaskazi, upepo wa msimu utokao upande huo.

Hilo "juu" ndilo linaloniudhi, na watu wazima wanalo vilevile. Juu ni mwinuko. Kaskazini kuwekwa upande wa juu wa karatasi ni mazoea tu ya wachora ramani. Ramani ya al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, ya mwaka 1154 iliweka kusini juu, Afrika ikakaa juu ya Ulaya.

Mtu wa Moshi anapotoshwa na mlima Kilimanjaro. Akipanda Kibosho, kwenye miteremko yake, kutoka mjini anaelekea kaskazini kweli, basi anadhani ndivyo ilivyo popote. Aende Rombo: kutoka mji wa Mkuu, mlimani ni magharibi. Anayeanzia Rongai, upande wa kaskazini wa mlima, huupanda Kilimanjaro huohuo akielekea kusini-magharibi. Mlima mmoja, "juu" tatu!

Darasani madhara yake huonekana kwenye swali la mto. Nile hutoka Ziwa Victoria, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, ukaenda kaskazini mpaka Mediterania. Aliyefundishwa kwamba kaskazini ni juu atajibu kuwa mto unapanda, na huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo, mwalimu, watenganishie mambo haya mawili. Upande wa dunia wautafute kwenye mshale wa kaskazini. Juu na chini wazisome kwenye namba za kontua, yaani mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa: kontua zikipishana kwa mita 20, kila unayoivuka kuelekea namba kubwa umepanda mita 20. Palipo na mto, kontua hujikunja kama herufi V, na ncha yake hutazama mto unakotoka. Huko ndiko juu, hata kama ni pembeni kabisa mwa karatasi.

"Napanda Kibosho" waache waseme, ni Kiswahili safi. "Kenya iko juu ya Tanzania" kata kwa kalamu nyekundu, kila mara.