Jicho la simbilisi linalotoa tongo: kabla hujamdunga sindano ya mbuzi

Dada uliyeuliza kutoka Likoni, umesema kwamba simbilisi wa binti yako, yaani ginipigi, ameamka jicho la kushoto likiwa limegandana kwa tongo za manjano, kwamba muuzaji wa agroveti amekushauri adungwe ile sindano ya penisilini na streptomaisini wanayodungwa mbuzi, na kwamba shangazi yako amekupa matone aliyobakiza alipotibiwa mzio wa macho. Nimefuga simbilisi hapa Kisauni kwa miaka mingi, na ombi langu ni kwamba vyote viwili uviweke kando.

Nianze na sindano, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua. Simbilisi humeng'enya nyasi kwa msaada wa bakteria wanaoishi tumboni mwake, na penisilini pamoja na jamaa zake, yaani ampisilini na amoksilini, huwamaliza bakteria hao na kuwaachia nafasi Clostridium difficile, ambao hustawi na kutoa sumu. Mnyama huacha kula, pengine huharisha, na anaweza kufa baada ya siku chache, ilhali jicho lenyewe limeanza kupata nafuu. Madhara ya penisilini kwa simbilisi yalibainika tangu 1943, dawa hiyo ikiwa bado changa, kwa hiyo si uvumi wa wafugaji. Hatari ni kubwa zaidi dawa inapopita kinywani, ndiyo maana yule anayefikiria kumpa dawa ya maji ya amoksilini iliyobaki ya mtoto anajitafutia msiba, lakini hata sindano haina usalama. Klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini ya kunywa zimo katika orodha hiyohiyo, na hamsta naye hudhurika vilevile. Streptomaisini nayo, hata ikiwa peke yake, ni sumu kwa simbilisi. Muuzaji hakukudanganya kwa makusudi. Anajua mbuzi, na mbuzi huistahimili dawa hiyo.

Matone ya shangazi ni suala jingine. Baadhi ya matone ya mzio na ya macho mekundu huwa na steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, kama vile deksamethasoni au betamethasoni, wakati mwingine ikiwa imechanganywa na antibiotiki ili chupa ionekane inatibu kila kitu. Steroidi hutuliza wekundu upesi, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa inapunguza pia uwezo wa jicho kujitibu. Ikiwa kuna kidonda kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kidonda hicho kinaweza kuchimbika hadi jicho litoboke. Kwa macho matupu huwezi kukiona kidonda kidogo. Daktari hutia rangi ya fluoresini, husafisha jicho kwa maji ya chumvi, kisha humulika kwa mwanga wa buluu. Palipochubuka hung'aa kijani. Kipimo hicho hakichukui muda, na kwa maoni yangu matone yoyote yenye steroidi yasiingie kwenye jicho la mnyama kabla hakijafanywa.

Usiku huu unaweza kusafisha. Nunua maji ya chumvi ya hospitali katika duka la dawa, au chemsha maji safi, tia chumvi kwa kipimo cha gramu 9 kwa lita moja, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Mfunge mnyama kwa leso kuukuu, miguu yote minne ikiwa ndani na kichwa pekee kikiwa nje, umweke mapajani akiwa amekupa mgongo. Lowesha kipande cha shashi, kibandike juu ya jicho na usisugue. Subiri ukoko ulainike, halafu pangusa kutoka kona ya ndani ya jicho kwenda nje, na kila mpanguso uwe na kipande kipya. Jicho likifunguka, sogea penye mwanga wa kutosha ulitazame. Mara nyingi nimekuta kijiti cha nyasi kikavu, chembamba kuliko uzi wa kushonea, kimelala chini ya kope la chini na ncha yake ya manjano ikichungulia konani. Kikiwa kimelala tu, mwagia maji ya chumvi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nacho kitaelea kitoke. Kikiwa kimechoma konea, usikivute.

Wazee wetu wana dawa zao za macho: chai ya rangi iliyopoa, asali, maziwa ya mama, hata wanja. Sina ugomvi na wazee, ila jicho la mnyama wa gramu mia nane lenye mchubuko halihitaji sukari wala unga wa wanja ndani yake.

Sasa tafuta chanzo, maana jicho la simbilisi mara chache huugua bila sababu iliyo nje ya jicho. Tazama tundu kwanza. Maranda tunayopewa na maseremala huja na vumbi jingi la mbao, na huku pwani, kwa unyevu wetu, mkojo haukauki. Amonia inayopanda huwasha macho kutwa kucha. Inama mpaka pua yako iwe kwenye usawa wa pua yake: ukisikia harufu kali, yeye anaivuta mchana na usiku. Nyasi kavu nazo hupata ukungu upesi katika mvua za masika, kwa hiyo ziweke juu ya ubao, mbali na sakafu. Halafu kuna moshi. Jiko la makaa, dawa ya mbu ya kuchoma, na chetezo cha udi jioni ya Alhamisi, vyote hivyo vikiwa chumba kimoja na tundu, vitamtoa mnyama machozi, na machozi yakizidi vijidudu hupata makao. Sisemi uache kufukiza nyumba yako, hamisha tundu.

Chanzo cha pili ni lishe. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na akiikosa kwa wiki mbili au tatu hudhoofika, hukakamaa viungo, manyoya hupoteza ung'avu na macho huanza kutoa tongo. Mkubwa huhitaji angalau miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila siku, na mwenye mimba huhitaji karibu 30. Ukimlisha mikate na maganda ya viazi, hafiki. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 25 kinatosha kwa siku, na mapera yanayojaa soko la Kongowea yana vitamini hiyo kwa wingi, ingawa kwa sababu ya sukari yake nampa kipande kidogo tu. Majani ya sukuma wiki na giligilani ni nyongeza nzuri. Kutia vitamini kwenye maji ya kunywa hakunishawishi, kwani huharibika haraka kwa mwanga na joto, na maji yakibadilika ladha mnyama huyakataa.

Angalia pia kama anadondosha chakula au kidevu chake kimelowa mate. Meno yake hayaachi kukua, na mizizi ya yale ya juu ikirefuka hubana mfereji wa machozi, au husukuma jicho litokeze nje. Hapo matone hayatatibu kitu. Na kama ana sungura jirani yake, watenganishe: sungura anaweza kubeba bakteria wa Bordetella bila kuugua, akamwambukiza simbilisi nimonia inayoanza kwa mafua na macho.

Wadogo wa wiki chache mara nyingi huambukizwa Chlamydia caviae, ambayo hufanya macho yote mawili yawe mekundu na kuvimba. Wengi hupona, lakini osha mikono, na binti asimbusu. Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi waliripoti wagonjwa watatu wa nimonia kali waliyoipata kutokana na bakteria hao.

Kuna majimaji meupe kama maziwa ambayo simbilisi hutoa jichoni na kujisafishia uso. Hayo ni ya kawaida. Kwa wanaofuga panya weupe au hamsta, machozi mekundu si damu, bali ni rangi itokayo kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na huongezeka mnyama akiwa na dhiki au ugonjwa.

Ukiona jicho limekuwa jeupe au la buluu, limetokeza, halifunguki hata baada ya kusafishwa, au hajala tangu jana, usingoje. Simbilisi asiyekula kwa siku moja yuko hatarini kwa tumbo, hata kama jicho ndilo lililomwangusha. Mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa, naye atachagua kati ya matone yasiyo na steroidi, kama siprofloksasini au jentamaisini, na dawa ya kunywa anayoistahimili, kama enrofloksasini. Mwambie waziwazi kwamba ni simbilisi, kwa sababu madaktari wengi hapa huwaona ng'ombe na mbwa zaidi, na mwulize: dawa hii ni ya jamii ya penisilini? Ina steroidi? Kamilisha siku alizoandika hata jicho likisafika mapema, na umtie matone kutoka nyuma ya kichwa, asiione chupa.

Ikiwa utavuka feri ya Likoni kwenda kisiwani Mombasa, ondoka alfajiri. Joto likikaribia nyuzi 30 simbilisi huzidiwa, basi mtie kwenye katoni yenye matundu, pamoja na nyasi na kipande cha tango badala ya bakuli la maji, na usimwache ndani ya gari lililosimama juani mkiwa kwenye foleni.