Uliza Ujibiwe: Mkono wa nyuma unaniua kwenye bumu

SWALI: Kaka shikamoo na hongera kwa kazi. Niko Kigamboni najifunza windisafingi (ule ubao wa majini wenye tanga), juzi juzi nikanunua hanesi ya kiuno, ule mkanda wenye ndoano, nikajua sasa mikono itapumzika, wapi! Nikishajitundika kwenye kamba za bumu (ile fito ya kushikia tanga) mkono wa nyuma unauma hatari, nikiulegeza kidogo tu tanga linafunguka na ubao unasimama. Mshkaji mmoja anasema kamba nisogeze mbele, mwingine anasema nyuma. Nimsikilize nani? Na kamba zenyewe ziachane kiasi gani?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba mdogo wangu, msikilize huyo wa nyuma. Iko hivi, tanga likishika upepo kuna sehemu moja kwenye bumu ndo uzito wote unaangukia hapo, sasa kamba zako zikiwa mbele ya hiyo sehemu basi hanesi inavuta huku mlingotini na huku nyuma tanga linataka kufunguka, nani wa kulizuia? mkono wa nyuma huo. Ukizirudisha nyuma kupita kiasi inageuka, mkono wa mbele ndo unalia na tanga linajifunga lenyewe, upepo ukija wa ghafla unarushwa mbele na ndoano bado imenasa, hiyo usiombe. Kwahiyo fuata mkono unaochoka, wa nyuma ukichoka kamba nyuma, wa mbele ukichoka kamba mbele, ila sio unasogeza shubiri nzima bwana, sentimita 1 au 2 halafu unarudi kujaribu. Na pande mbili za bumu zilingane, chukua tepu ya fundi cherehani upime maana macho yanadanganya.

Kazi kubwa ifanyie mchangani. Funga tanga, simama na upepo kama unavyosimama kwenye ubao, shika bumu kwa mkono mmoja tu halafu uutembeze mbele na nyuma mpaka upate pale tanga linapotulia, halifunguki wala halijifungi. (Kama ni Coco Beach jumapili watoto watakuzunguka, waambie wakae mbali na ncha ya mlingoti.) Hapo ndo katikati, mwisho mmoja wa kamba ukae mbele yake na mwingine nyuma yake. Siku hamna upepo gawanya urefu wa bumu kwa 3, yaani bumu ya sentimita 180 anzia 60 kutoka mlingotini, makadirio hayo, utarekebisha majini.

Kuachana, we anza na upana wa ngumi moja. Wazoefu wengi wanazibana kabisa na mi nawaelewa, zikiwa mbali mbali unapata utulivu lakini hujui kama umeziweka vibaya, zikibanana kosa la sentimita chache unalisikia hapo hapo mkononi.

Kingine, kabla hujagusa kamba cheki tanga limevutwa chini vya kutosha au la. Kusi ya mwezi wa 7 inakuja na nguvu, tanga likiwa limelegea tumbo lake linarudi nyuma kila upepo ukizidi, hapo mkono utauma hata kamba uziweke wapi. Na ukibadilisha tanga kubwa kwa dogo pima upya.

SWALI: Naona kamba za inchi 24, 26, 28 na 30. Mimi natumia hanesi ya kukalia, nichukue ipi?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Hizo inchi ni urefu wa kamba nzima toka mwisho mpaka mwisho, sio inavyoning'inia, wengi wanachanganya hapo. Ndoano ya hanesi ya kukalia iko chini kuliko ya kiuno kwahiyo unahitaji ndefu, anza na 30, au kama mfuko unaruhusu chukua zile za kurefusha na kufupisha. Fupi sana bumu inakubana kifuani na huwezi kujiegemeza, ndefu sana kila saa inachomoka kwenye ndoano. Bumu nayo iwe usawa wa mabega, ukiipandisha mpaka kidevuni na kamba urefushe.