Mnaoanza kusoma Wajesuiti na Confucius, shikeni neno moja kwanza

Nyie mnaoanza hii mada mwaka huu, msikimbilie kubeba kila kitu, mtalemewa. Mi nilianza na Matteo Ricci, padri Mtaliano wa Wajesuiti (shirika la Kikatoliki) aliyekwenda kuhubiri China, nikamwamini kama shahidi asiye na upande, nikaandika insha nzima kwamba Wachina wa kale walimjua Mungu yuleyule wa Wakristo, mwalimu akairudisha na swali moja tu pembeni: "Nani kakwambia?" Iliniuma sana, ila alikuwa sahihi.

Ricci alikuwa na kazi yake jamani. Aliingia Zhaoqing, mji wa kusini mwa China, 1583 amevaa kama mtawa wa Kibudha, halafu 1595 akabadili, akavaa joho la wasomi wa Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, maana aligundua hao ndo wanaosikilizwa na wakubwa. Kwenye kitabu chake cha 1603 anasema Shangdi, yaani Bwana wa Juu, anayetajwa kwenye maandiko ya kale ya China ndo Mungu mwenyewe, ila wafuasi wa Zhu Xi, msomi wa karne ya 12 aliyeyafafanua upya maandiko hayo, anawapinga kwa hoja za Aristotle, eti ile li yao, yaani kanuni wanayosema ni chanzo cha vitu vyote, haisimami yenyewe, lazima ikae ndani ya kitu kingine, sasa itaumbaje ulimwengu? Hapo someni polepole, rudieni hata mara tatu, kwa sababu mgeni anawaambia wenyeji wamewaelewa vibaya wahenga wao.

Akafariki 1610, na mrithi wake Longobardo, Mjesuiti mwenzie kabisa, akasoma maandiko hayohayo pamoja na wafafanuzi wake akatoka na jibu lingine: Tian ni mbingu tu na hawa wasomi hawana Mungu wa kiroho. Ndo maana nasema chukua neno moja, kama hilo Tian, ulifuate, kwa Ricci, kwa Longobardo, mpaka kwa Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, ambaye 1716 yuko zake Ujerumani, China hajawahi kukanyaga, anachukua nukuu zilezile za Longobardo na kuzitumia kumtetea Ricci! Mi hapo ndo nilinasa moja kwa moja.

Marufuku za Papa kule Roma kwa Wakristo wa China kuhusu ibada za mababu, ya 1715 na ya 1742, hizo karirini tu, hazina shida.

Na mkikuta "Mungu" kwenye tafsiri msipite hivihivi, angalieni nyuma yake kuna Tian, Shangdi au Tianzhu (Bwana wa Mbinguni), hilo la mwisho ndo jina walilolishika wamisionari na Wakatoliki wa China wanalitumia mpaka leo.